Kabla ya kununua mashua, nunua sumaku

Kijana mmoja ninayefanya naye kazi hapa Upper Hill ameamua kuhama. Anataka kuuza gari, aachane na nyumba ya kupanga, anunue mashua ya tanga na kwenda kuishi ndani yake kwenye hori ya Kilifi. Amesikia kwamba mimi niliishi hivyo miaka mitatu kabla ya kurudi Nairobi, na kila tukikutana kwenye chai ananiuliza kuhusu safari. Tulifika Lamu? Tulivuka Pemba? Kaskazi inasukuma vipi?

Mimi namjibu kuhusu ngama.

Ngama ni ile sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, maji yote yanakoishia. Kila asubuhi, kabla sijabandika chai, nilikuwa nafunua ubao wa sakafu na kumulika humo kwa tochi. Wiki yangu ya kwanza, mzee mmoja aliyekuwa fundi wa majahazi alipita na mtumbwi wake akanikuta nimechuchumaa, nayatazama maji yanayoweza kujaa bakuli.

"Umeyaonja?"

"Maji ya ngama, mzee?"

"Onja, mwanangu. Yakiwa ya chumvi, bahari imeingia. Yakiwa matamu, ni tangi lako hilo, au mvua."

Nikachovya kidole, nikaonja. Yalikuwa matamu. Tangi lilikuwa linavuja kwenye kiungo cha paipu, na nilishinda siku nzima nimelala ubavu chini ya kitanda nikikikaza.

Ninachotaka huyu kijana akielewe ni kwamba kuishi mashuani ni kutunza mashua. Safari ni sehemu ndogo. Siku nyingi chombo kimetia nanga, na wewe una kitambaa mkononi, au bisibisi, au sindano ya tanga. Jua letu linaunguza nyuzi za mshono kabla ya kitambaa chenyewe, kwa hiyo tanga usilolifunika litaanza kuachia kwenye mishono hata kama bado linaonekana jipya. Waya zinazoshikilia mlingoti unazipitishia pamba kutoka chini kwenda juu, polepole. Pamba ikinasa mahali, uzi mmoja wa chuma umekatika, na waya hiyo haina siku nyingi. Injini ukiiwasha, kabla ya jambo lingine lolote unachungulia nje kuona kama inatema maji. Isipotema, izime hapo hapo, maana maji ya bahari ndiyo yanayoipoza. Na chini ya maji, mwani na chaza havipumziki. Majirani zangu wenye majahazi walingoja bamvua, maji yakipwa chombo kikalala mchangani, wakasugua, wakaziba nyufa kwa pamba na kupaka deheni ya shahamu na chokaa, yote hayo ndani ya saa chache kabla bahari haijarudi. Yangu ilikuwa ya faibaglasi, haikuhitaji kalafati, yaani kuzibwa nyufa, lakini kusugua nilisugua kama wao.

Sasa niseme habari ya klipu, kwa sababu imeanzia hapa hapa Nairobi.

Nilikuja mjini kwa shughuli za familia, nikapita Kirinyaga Road kununua klipu za kufungia mipira ya maji. Muuzaji aliniapia kwamba ni stenlesi tupu, chuma kisichoshika kutu. Ukanda wake kweli uling'aa, nikanunua kumi, nikarudi nazo Kilifi na kuzifunga zote. Miezi minne hivi baadaye, saa tisa za usiku, nilishusha mguu kitandani nikakanyaga maji. Nilionja. Chumvi. Mpira wa pampu ya injini ulikuwa umechomoka kwenye koki ya kuingizia maji ya bahari, iliyo chini ya usawa wa maji. Nilifunga koki kwa kupapasa gizani, nikaanza kufua maji kwa ndoo hadi kukapambazuka. Asubuhi niliiangalia ile klipu kwa karibu: ukanda safi kabisa, lakini skrubu yake ilikuwa chuma cha kawaida, imeliwa na kutu mpaka imebaki nyembamba kama njiti ya kiberiti, kisha ikakatika.

Laiti ningekuwa na sumaku dukani siku ile. Stenlesi inayofaa baharini sumaku haiishiki, au huishika kidogo sana. Ile skrubu ingeirukia. Tangu hapo kila mpira ulio chini ya usawa wa maji niliufunga kwa klipu mbili, na kando ya kila koki nikaning'iniza kigingi cha mti laini cha kuzibia tundu. Na ndiyo maana siamini kabisa mpango wa kumwachia fundi kila kitu. Mafundi wa pwani nawaheshimu, wamenifundisha karibu yote ninayoyajua. Ila saa tisa za usiku fundi yuko kwake, amelala, na anayejua koki iko wapi gizani lazima awe wewe.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa Nairobi analijua tayari. Sisi tuliozoea maji ya zamu, tunaohesabu mitungi na kuoga kwa beseni, hatutashangaa tangi la lita mia mbili. Anayenunua tokeni za stima hatapata shida kuelewa betri na sola. Gesi ndiyo inayodai kujifunza upya. Ni nzito kuliko hewa. Kwenye nyumba ikivuja hutambaa sakafuni na kutokea chini ya mlango. Mashuani haina mlango wa kutokea, inashuka mpaka ngama na kukaa humo ikingoja cheche. Funga mtungi kila ukimaliza kupika, hata kama ni kikombe kimoja.

Ingekuwa zamani, ningemwambia aanzie Bwawa la Nairobi, pale kati ya Lang'ata na Kibera. Lilijengwa mwaka 1953, na watu wa mji huu walikuwa wakipandisha tanga pale Jumapili. Nilipita wiki iliyopita nikasimama. Gugumaji na taka zimelifunika, maji huyaoni. Hakuna dhoruba iliyolifikisha pale. Liliachwa tu, mwaka baada ya mwaka, na inaniuma kwa sababu najua kazi ya kuliokoa ilipokuwa bado ndogo ilikuwa ya namna ile ile, ya kuangalia kila siku na kuondoa kidogo kidogo.

Kijana hajakata tamaa, na simkatishi. Rafiki yangu aliyeko Kilifi anahitaji klipu kumi na mbili. Jumamosi tunakwenda Kirinyaga Road pamoja, kisha atapanda basi la usiku, azipeleke, azifunge mwenyewe na kulala mashuani siku nne. Sumaku nimeshampa.