Mshenga Mwenye Dagaa Mfukoni

Chanzo ni mtoto wa mbwa. Nilipewa na jirani, koko halisi, umri miezi miwili na ushee, tumbo kama kibuyu. Nikamwita Katibu, maana wakubwa wakikaa kuzungumza, naye anakuja kujiweka katikati, anasikiliza mpaka mwisho, kisha anakojoa.

Nilitaka ajue kuitwa na kukaa. Wiki ya kwanza nilimtuza chochote kilichokuwa mezani: soseji, andazi, biskuti. Siku ya nne akaharisha juu ya zulia la mama. Daktari wa mifugo akanisomea mashtaka pale pale. Soseji ina chumvi na mafuta, andazi halina faida yoyote kwake. Chokoleti, vitunguu na zabibu, hata zile kavu, marufuku. Bazoka zisizo na sukari nazo marufuku, kwa sababu nyingine zimetiwa zailitoli, kitu cha kuleta utamu badala ya sukari, na hiyo kwa mbwa ni sumu. Zawadi zote za siku zisizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake, na kila kipande kiwe kama punje ya njegere.

"Hapo unamfundisha," akasema, "humlishi."

Nikajaribu karoti. Katibu aliipokea kwa heshima zote, akaenda kuizika. Kuku wa kuchemsha bila chumvi alimpenda sana, lakini kuku mimi mwenyewe namwona Krismasi. Maini yalimfaa, ila kila nikigeuka mdogo wangu kashayamaliza. Ndipo mama mmoja muuza samaki pale Mwanjelwa akaniambia, "Mwanangu, unahangaika nini? Chukua usipa." Usipa ni dagaa wa Ziwa Nyasa, huku Mbeya tunaletewa kutoka Kyela. Nikachukua waliokaushwa juani bila chumvi, nikawaosha mchanga, nikawakausha kwenye kikaango bila tone la mafuta, nikawavunjavunja. Ehee! Katibu akawa anakaa kabla sijamaliza kusema "ka".

Sasa, mbwa ukichelewa kumtuza hata sekunde tatu hajui tena anatuzwa kwa lipi. Pengine atadhani ni kwa kujikuna. Kwa hiyo dagaa lazima wawe karibu na mkono saa zote, yaani mfukoni. Na Mbeya mwezi wa saba hutoki bila koti. Koti ninalo moja.

Jumamosi moja rafiki yangu akanituma kupeleka barua ya posa. Asubuhi nikampa Katibu somo lake, nikanawa mikono kwa sabuni, nikaitia barua mfukoni ikiwa imefungwa kwenye kitambaa cheupe pamoja na noti za kufungulia mlango. Mfuko ule ule.

Sebuleni tulikuwa na wazee watatu, mashangazi wawili na paka mmoja. Paka ndiye aliyenitambua kwanza. Akapanda mapajani, akaingiza kichwa ndani ya koti, akaanza kukoroma kwa raha.

"Huyu paka wageni hawapendi kabisa," akasema shangazi mkubwa. "Mshenga huyu ana roho safi."

Nikatabasamu kama mtu mwenye roho safi.

Kisha baba wa binti akaingia. Tukasimama wote. Akatembea taratibu mpaka kwenye kiti chake, akakaa. Na mdomo wangu, uliozoea wiki tatu mfululizo, ukasema kwa sauti ya furaha, "Safiii!" Mkono nao ukawa umeshafika mfukoni.

Ukimya ulioshuka pale, nilisikia saa ya ukutani ya jirani.

Ili kuficha aibu nikaichomoa barua haraka. Kitambaa kikaja na wenzake: vichwa vya dagaa, mikia, na unga unga, vyote vikamwagika kwenye kigoda mbele ya mzee. Paka akaruka. Shangazi akamuwahi dagaa mmoja, akamnusa.

"Baba Mwali," akaita, "hii ndiyo posa?"

Mzee akatazama kigoda kwa muda mrefu. "Kijana, sisi hapa huwa tunazungumza habari za ng'ombe. Kwenye dagaa hatujawahi kushuka."

Nikasema ukweli, na ukweli ndio ulionimaliza. "Shikamoo mzee, samahani, hawa ni wa mbwa. Akikaa vizuri namsifia, nampa mmoja."

"Marahaba," akajibu. "Kwa hiyo mimi nilipokaa..."

Hakumalizia. Mashangazi walikuwa wameshaziba nyuso kwa vitenge, mabega yanatikisika. Faini ikasomwa hapo hapo: elfu ishirini na kreti moja ya soda. Nikalipa kutoka kwenye nauli yangu, nikarudi kwa miguu, paka akinisindikiza mpaka barabarani.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Wamekubali. Chini kabisa, kwa mwandiko wa mtu mwingine, paliongezwa mstari mmoja: mshenga ni yule yule, ila aje bila koti.