Kansa ya umio Bomet: tupime wote ama tungoje?

Shangazi yangu alianza kwa kusema ugali unamkwama kifuani, akahamia uji, halafu ikafika siku hata maji yanarudi, ndio tukampeleka hospitali. Wakamwekea stenti, ule mrija wa waya unaofungua umio, yaani njia ya chakula, akameza tena lakini kansa ilibaki palepale. Huku Bomet ukiuliza utaambiwa hivyo hivyo kwa maboma mengi.

Kwa hivyo wanaosema watu wapimwe kabla hawajaugua nawaelewa kabisa. Pale hospitali ya Tenwek, hapa Bomet, walipima watu 305 wasio na dalili yoyote, wakapitisha kamera kooni wakanyunyizia ayodini. Seli zenye afya hunywa ile dawa zinakuwa kahawia, zilizoanza kuharibika hazishiki rangi, yaani doa unaliona kwa macho. Matokeo yalitoka 2016, karibu 14 kwa kila 100 walikuwa na seli zimeanza kubadilika! Na doa dogo linaweza kutolewa kwa kamera bila kupasua kifua. Kule Cixian, China, kwenye vijiji ambako watu walialikwa kupimwa mara moja tu, ndani ya miaka 10 kansa hii iliua 3.35% yao, kwenye vijiji visivyopimwa 5.05%.

Sasa shida iko hapa. Hao 14 si wote watapata kansa, doa hafifu linaweza kukaa miaka lisifike popote na wewe ushamwambia mama wa watu ana kitu kooni, hata usingizi hapati. Tena Cixian vijiji havikugawanywa kwa kura, kwa hivyo ile tofauti siwezi kuibeba yote ilivyo. Korea Kusini wanapima kansa ya tumbo kila miaka 2 kuanzia umri wa 40, sawa, lakini wana kamera na madaktari wa kuzishika. Huku kamera ikishinda asubuhi nzima kwa wazima, yule asiyemeza hata mate anangoja kwa benchi, na hilo ndio linaniuma zaidi.

Mimi naona ianze na wenye miaka 40 kwenda juu ambao wamezika ndugu kwa ugonjwa huu, na iwe pale tu ambapo wakiona doa wanaweza kulitoa hapohapo. Kumpima mtu halafu umwambie atafute pesa aende Nairobi, hiyo siungi mkono hata kidogo.