Kitabu Kilichofichwa Kwenye Debe la Michembe

Mimi ni mzazi mwenye wasiwasi. Nalisema hili mapema kwa sababu katika mtaa wetu wa Ng'ambo, hapa Tabora, mzazi asiye na wasiwasi hudhaniwa kuwa amelewa.

Siku moja binti yangu wa kidato cha tatu alirudi kutoka shule na karatasi yenye orodha ya vitabu vya fasihi, yaani ushairi, riwaya na tamthiliya. Nilikuwa nimekaa chini ya mwembe natafuna matobolwa, nikaipokea kwa moyo mkunjufu, kwani napenda majirani waone kwamba mambo ya elimu hupitia mikononi mwangu. Moyo ule mkunjufu ulikunjamana nilipofika kwenye tamthiliya. Palikuwa pameandikwa, kwa mwandiko wa mwanangu mwenyewe, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe. Sikumwona Ngoswe, sikuona kitovu, wala uzembe sikuuona. Niliona penzi.

"Na hiki ni cha shule?"

"Ndiyo, Baba. Mwalimu amesema tukinunue."

"Na shule inajua?"

"Baba, mwalimu ndiye shule."

Nilikinunua siku ya pili, kwa maana sisi wazazi hukataa vitu baada ya kuvilipia, na shilingi elfu sita zikanitoka hivi hivi naziona. Nilipofika nyumbani sikumpa. Nilimwambia kwamba lazima nikikague kwanza, kisha nikakizika ndani ya debe la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, chini kabisa, mahali ambapo kwa hesabu zangu hakuna mkono ambao ungefika kabla ya mvua za Novemba.

Usiku nikakifukua na kuanza ukaguzi. Nia yangu ilikuwa safi kabisa. Nilikusudia kutafuta dhambi, niziandike kwenye daftari pamoja na namba za kurasa, kisha niziwasilishe kwenye kikao cha wazazi siku ya Ijumaa nikiwa nimevaa shati la mikono mirefu. Kumbe tamthiliya hiyo ya Edwin Semzaba inamhusu karani wa sensa aliyetumwa kijijini kuhesabu watu, akamwona binti aitwaye Mazoea, na hesabu ikamruka. Kurasa za mwanzo nilizisoma nikiwa na kalamu mkononi. Kijana alipoanza kumsemesha Mazoea, kalamu ilianguka chini ya kitanda na sikuona haja ya kuifuata. Daftari lile la dhambi mpaka leo lina mstari mmoja tu: "Ukurasa wa kwanza: bado."

Saa nane za usiku mama watoto alishtuka akanikuta nimejifunika shuka gubigubi, mwanga wa tochi ya simu ukichungulia pembeni.

"Unaongea na nani?"

"Nakagua."

"Unamkagua nani?"

Mwanamume wa miaka 47 aliyekutwa na simu ndani ya shuka ana maneno machache sana ya kujitetea, na "nasoma kitabu cha fasihi cha kidato cha tatu" ndiyo maneno magumu kuaminika kuliko yote. Alivuta shuka, akakiona kitabu, akasoma jina lake kwa sauti, neno baada ya neno, kama karani wa mahakama anayesoma hati ya mashtaka. Kisha akakichukua na kwenda kukisomea sebuleni.

Wakati huo sikujua kwamba nimejichimbia kaburi. Agosti 2022 mimi nilikuwa karani wa sensa. Kibanda changu cha steshenari nilikifunga, nikapewa kizibao na kishikwambi, nikapelekwa kijiji kimoja cha Uyui, na katika wale watu 61,741,120 waliotangazwa baadaye, wamo ambao niliwaingiza kwa kidole changu hiki hiki. Kwa miaka yote hiyo jambo hilo lilikuwa fahari ya nyumba yetu. Lilikuwa hata likitajwa mbele ya wageni.

Asubuhi nilikuta chai imepoa na mke wangu ameketi, kitabu kikiwa mapajani.

"Baba watoto, kule Uyui ulirudi na dumu la asali. Ulipewa na nani?"

"Mwenyekiti wa kitongoji."

"Ana binti?"

"Mke wangu, kila mtu ana binti."

Jibu hilo sikulifikiria vizuri. Nilijaribu kumweleza kwamba mambo ya kwenye kile kitabu ni ya zamani, kwamba mle ndani baba wa Mazoea alipogundua yanayoendelea aliyachoma makaratasi yote ya sensa, ilhali sisi hatukutumia makaratasi bali vishikwambi, na takwimu zilitumwa moja kwa moja, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kuchomwa.

"Ndiyo maana hakuna ushahidi," akasema, akaenda jikoni. Kwa siku tatu nilikula kisamvu kisichotiwa karanga, katika mkoa huu ambao karanga zimejaa.

Ijumaa nikaenda kwenye kikao bila daftari. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu, na mwalimu wa Kiswahili, binti mdogo kabisa ambaye ningeweza kumzaa, akasimama mbele yetu na chaki mkononi. Mzee mmoja aliyevaa kofia alidai kwamba kitabu hiki bila shaka kimo katika vile 16 ambavyo Wizara ya Elimu ilivipiga marufuku Februari 2023. Mwalimu akamjibu kwa heshima, shikamoo ikitangulia, kwamba vile vilikuwa vitabu vya kigeni, na kwamba mitaala inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, si yeye. Mzee akaketi huku akinung'unika kwamba penzi ni penzi, liwe la kigeni au la hapa hapa.

Kisha mama mmoja aliinuka nyuma. Yeye hakuwa na shida na Ngoswe. Shida yake ilikuwa tamthiliya nyingine ya kwenye orodha, Kilio Chetu, ambayo alisikia inawasimulia watoto habari za ukimwi na mimba. Alisema kwamba mtoto ukimwambia mambo hayo unamwamsha aliyelala, na kwamba yeye binti yake ataambiwa siku ya kuolewa, tena na shangazi. Baba mmoja aliyekaa dirishani akamjibu kwamba kama watoto hawatayasikia kwetu watayasikia kijiweni kwa bodaboda, na huko hakuna mtihani wa kujisahihisha. Walijibizana takriban dakika ishirini, kila mmoja akishangiliwa na upande wake, mpaka nikaona mwalimu amegeukia ubao na mabega yake yanatikisika. Nilidhani analia. Nikamuuliza kama tumemkosea.

"Hapana, baba yangu," akasema akijifuta macho. "Ni kwamba maneno aliyoyasema mama huyu ndiyo msimamo wa Mama Suzi mle kitabuni, na baba huyu amemjibu kama Baba Anna. Tumekosa maleba tu."

Chumba kikawa kimya. Watu wazima hawapendi kuambiwa kwamba wamekwisha kuandikwa. Baadaye mwenyekiti wa kikao akakohoa na kuuliza kwa sauti ya chini kama na yeye yumo.

Jambo lililonishangaza zaidi, na ambalo hakuna aliyelinung'unikia isipokuwa mimi na tena kimoyomoyo, ni kwamba orodha ya vitabu vya somo la Kiingereza ilipita kama gari moshi lisilosimama stesheni. Mzee wa kofia alisema vile havina matatizo, ni vya elimu. Mwalimu akafafanua kwamba mojawapo kinahusu ukeketaji huko Sierra Leone, tangu mwanzo hadi mwisho. Wazazi wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na mtu mmoja akasema hicho kiendelee. Nimelitafakari sana jambo hili. Jambo lile lile likisemwa kwa Kiswahili ni utovu wa adabu, likisemwa kwa Kiingereza ni mada. Halafu saa moja na nusu jioni sisi hao hao tunaketi sebuleni na watoto wetu, sahani mapajani, tukitazama tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, ambamo kila mwenye ndevu nzuri ana mke wa mwenzake, na kikao hakiitishwi. Na bibi yangu, Mungu amrehemu, alitulaza kila usiku kwa hadithi za fisi aliyekula watoto wa watu mmoja mmoja huku akimdanganya mama yao, nasi tukalala fofofo.

Wiki sita zikapita. Kitabu, ambacho nilikuwa nimekirudisha kwenye debe, kilikuwa hakijamfikia binti yangu, na mimi nilikuwa nimeanza kujisifu kwamba nimemkinga, mpaka aliporudi na karatasi ya jaribio la fasihi. Alikuwa amepata 34 kati ya 40, na swali lenyewe lilimtaka ajadili dhamira katika tamthiliya mbili alizosoma.

"Umejibu vipi kitabu ambacho hujakisoma?"

"Nimesoma uchambuzi, Baba."

"Uchambuzi umeutoa wapi?"

Alinitazama kwa huruma. "Dukani kwako. Wewe ndiye uliyenitolea kopi."

Ni kweli. Pale kibandani, shilingi mia kwa ukurasa, mimi huuza karatasi zile kwa shule nzima: maudhui, fani, dhamira, wahusika, falsafa ya mwandishi, kufaulu na kutofaulu kwake. Tangu Januari nimetoa kopi za Ngoswe nyingi kuliko watu niliowahesabu Uyui, na sikuwahi kusoma hata mstari mmoja, kwa kuwa juu ya karatasi wameandika jina la mwandishi na neno "uchambuzi", basi. Penzi halikutajwa. Nikamuuliza binti yangu Mazoea ni nani. Akajibu bila kupepesa macho kwamba ni mhusika mkuu msaidizi, ni kielelezo cha vijana wasio na msimamo. Nikamuuliza Mazoea alikuwa amebeba nini alipokutana na yule karani. Hajui. Mzee Mitomingi, baba yake, alikuwa katika hali gani alipoyatia moto makaratasi? Hilo halimo kwenye uchambuzi.

Hapo nilipatwa na wasiwasi wa aina nyingine ambao sikuwa nimeuandalia kikao. Nikajikuta nimesimama katikati ya sebule nikimwigizia mwanangu namna kijana anavyojifanya anataka maji ya kunywa, ugali unapoa mezani, na mama yake anapaza sauti kutoka jikoni kwamba ninaharibu, hapo si hivyo, Ngoswe hakusema hivyo, soma vizuri wewe karani.

"Mama, kumbe unakijua?" binti akauliza huku anacheka. "Basi nipeni nikisome mwenyewe. Kiko wapi?"

Nikakimbilia debe. Nikapekua michembe mpaka chini, nikatoka na vumbi mikono yote. Hakuna kitu.

"Usihangaike," mke wangu akasema, akiweka kisamvu mezani, safari hii chenye karanga. "Kiko kwenye kikundi chetu cha kikoba. Tuko wanawake kumi na wanane, na kimefika kwa mtu wa sita. Wanne kati yetu waume zao walikuwa makarani wa sensa."

Binti yangu wamemwandika wa kumi na tisa.