Chuma cha Buhaya na zile nyuzi 1,800

Kila baada ya miezi kadhaa ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp: Wahaya wa Kagera, Tanzania, walitengeneza chuma cha pua (chuma kigumu chenye kaboni kiasi) miaka 2,000 iliyopita, kwa moto wa nyuzi 1,800 za Selsiasi, Wazungu wakafikia hapo karne ya 19. Ukihoji, unaambiwa una kasumba.

Chanzo chake ni cha kuheshimika. Mwaka 1978 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mhandisi Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba kwenye tanuri za Kagera, mirija ya udongo iliyopeleka upepo wa mivukuto haikuishia ukutani. Ilizama ndani ya moto, hivyo hewa ilipata joto kabla ya kukutana na mkaa, na moto ukawa mkali zaidi. Uingereza, hataza ya kupasha hewa ya tanuri alipewa James Neilson mwaka 1828. Na huko Kemondo, Kagera, kulichimbuliwa vipande vya mirija vilivyoungua upande wa nje, vya miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Hoja hiyo si ya kubezwa.

Waliopinga hoja hiyo, mwanaakiolojia David Killick akiwa mmoja wao, husomwa vibaya. Hawakusema Mwafrika hakuweza. Walisema hewa hupita kwenye mrija upesi na udongo haupitishi joto vizuri, kwa hiyo joto linaloongezeka ni dogo. Mrija uliozama motoni utaungua nje hata kama hewa iliyomo haijapata moto wa maana.

Halafu kuna hizo nyuzi 1,800, ambazo ndizo hasa zinazonikera. Hazikupimwa kwenye tanuri ya kale. Tanuri ya kale ni shimo na vipande. Zilipimwa kwenye tanuri iliyojengwa na wazee wa Kihaya katika miaka ya 1970, tena karibu na midomo ya mirija, ambako moto wowote wa mivukuto huwa mkali kuliko kwingine. Ujumbe unachukua kipimo cha jana na umri wa mabaki ya tanuri za kale, unavifunga pamoja, na mtu anaapa kwavyo. Isitoshe, wahunzi wa kusini mwa India walikuwa na chuma chao cha pua zamani hizohizo.

Na kwani joto kubwa ndiyo sifa? Chuma kikinywa kaboni ya mkaa kupita kiasi kinayeyuka kabisa, na kikipoa kinavunjika kama chungu. Hakifui jembe. Ustadi ulikuwa kukiacha kisiyeyuke, huku mavi ya chuma, yaani uchafu wa mawe yake, yakiyeyuka na kuteremka.

Hapo ndipo wazee wale walinivutia. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu tanuri la mwisho lizimwe, wakati majembe ya dukani yalishaenea. Walichimba shimo, wakalisiriba kwa udongo wa kichuguu, usiopasuka ovyo kwa moto. Wakajaza majani ya kinamasi na kuyachoma yakawa makaa mepesi: kaboni ipo, na mavi yana pa kutiririkia. Juu wakasimamisha ukuta, matofali yake yakiwa mavi ya tanuri za zamani. Kisha mivukuto, masaa kwa masaa.

Kilichotoka ni bonge lililochanganyika na takataka, gumu upande huu, laini upande ule. Mhunzi alikuwa bado ana kazi ya kulirudisha motoni na kulipiga, kulirudisha na kulipiga, mpaka lipatikane la kulimia.