Hadithi ndani ya wimbo? Tanga tunazisikiliza sana tu

Mwandishi mmoja anadai albamu ya roki ya nyimbo za kusimulia, akatolea mfano Nebraska ya Mmarekani Bruce Springsteen, haiwezi kumshika msikilizaji wa Kiswahili kwa sababu sisi tunataka muziki wa kuchezea tu. Sikubaliani naye hata kidogo. Albamu hiyo ya 1982 jamaa aliirekodi nyumbani New Jersey kwa mashine ya kaseti, hakuna dramu, zaidi ni gitaa na harmonika, na karibu kila wimbo una mtu na kisa chake. Kijiweni kwetu Ngamiani, hapa Tanga, niliwapigia wenzangu ule wa polisi anayemfukuza ndugu yake, nikiwatafsiria mstari kwa mstari. Polisi anakaribia mpaka wa Kanada, anaegesha kando, anaziangalia taa za nyuma za gari la nduguye mpaka zinapotea. Muuza kahawa aliacha kumimina. Mzee mmoja akauliza, "Na mama yao alijua?" Ukazuka ubishi: wengine damu nzito kuliko maji, wengine huyo avuliwe magwanda, mara tumeshafika Horohoro, mpakani kwetu na Kenya, kana kwamba kisa ni cha huku. Hao ndio wasiotaka hadithi? Mji uliotoa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na taarabu ya kikundi cha Black Star! Kikwazo ni lugha, basi, na redio zinazokata wimbo kabla kisa hakijaisha. Nani anamjua msanii wetu wa sasa aliyethubutu albamu nzima ya visa kwa gitaa lake?