Anayemdai marehemu ajitokeze: wasomaji wa Dune na vitabu viwili vya mwendelezo

Mazikoni, kabla watu hawajatawanyika, hutangazwa: kama yupo anayemdai marehemu, ajitokeze. Deni hulipwa kwanza, mirathi hugawanywa baadaye. Frank Herbert, mwandishi wa Dune, mfululizo wa riwaya za kubuni za kisayansi, alipofariki tarehe 11 Februari 1986, waliokuwa wakimdai walikuwa wasomaji wake. Kitabu cha sita cha Dune, Chapterhouse: Dune, kilikuwa kimetoka mwaka uliotangulia na kiliishia njiani: chombo kimetoroka kwenda anga lisilojulikana, adui hajatajwa jina, na ukurasa umekwisha. Warithi walikuja kulipa miaka zaidi ya ishirini baadaye. Brian Herbert, mtoto wa marehemu, na mwandishi mwenzake Kevin J. Anderson walitoa Hunters of Dune mwaka 2006 na Sandworms of Dune mwaka 2007.

Mashabiki wengi wa vitabu sita vya mwanzo walivikasirikia vitabu hivi viwili, na hasira hiyo inarudi upya kila filamu ya Dune inapoleta kizazi kingine cha wasomaji. Naona hasira hiyo ni ya haki, ila mara nyingi inaelekezwa pasipo pake. (Kuanzia hapa nataja miisho ya vitabu vyote. Asiyetaka kuijua asiendelee.)

Lawama inayosikika kwanza ni ya uandishi: hawaandiki kama mzee. Ni kweli. Chukua karamu ya Arrakeen, mji wa sayari ya jangwa, katika kitabu cha kwanza cha mwaka 1965. Mtawala Leto anafuta desturi ya wageni kumwaga maji sakafuni na kuuza maji yanayokamuliwa kwenye taulo. Halafu kwenye meza moja tunaingia mawazoni mwa Leto, mwa Jessica mwenzi wake na mwa Paul mwana wao, na kila mgeni anasema neno lenye maana mbili. Msomaji anaachiwa kazi ya kujua nani anamtisha nani. Katika vitabu vya 2006 na 2007 sura ni fupi, macho yanahama haraka kutoka sayari hadi sayari, na hofu ya mhusika inaelezwa kwa sentensi kamili, kisha inakumbushwa tena sura tatu mbele. Msomaji aliyezoea kukisia anajiona anasukumwa kwa mkono.

Msomaji wa Kiswahili ana faida yake katika vile vya kwanza, na inafaa itajwe. Herbert alichota sana kwenye Kiarabu, hivyo Lisan al-Gaib, Mahdi, Shaitan na Naib hayatusubirishi mpaka tufungue faharasa ya mwisho wa kitabu. Lisani, ghaibu, shetani, naibu: maneno haya tunayo. Tunayasikia yakiwa na uzito wake wa imani na utawala, na ndivyo mwandishi alivyoyakusudia.

Lakini sauti ya mtu hairithiwi. Kumlaumu mrithi kwa kukosa sauti ya marehemu ni kumdai kitu ambacho hakikuwa kwenye mirathi. Katika mfululizo unaosimama juu ya fumbo, siasa na vizazi, sauti iliyopungua ingeweza kuvumiliwa kama majibu yangekuwa sahihi. Kwa hiyo tuliangalie deni lenyewe.

Chapterhouse iliacha maswali kadhaa wazi. Honored Matres, kundi la wanawake wapiganaji waliorudi kwa ukatili kutoka kwenye ule Mtawanyiko mkubwa wa watu angani, walikuwa wanakimbia kitu, kitu gani? Scytale, Bwana wa mwisho wa Watleilaxu, jamii ya wataalamu wa kuotesha watu upya kutokana na seli, amefungiwa ndani ya chombo akiwa na kidonge kilichofichwa kifuani mwake, chenye seli za watu wa kale, Paul na mpenzi wake Chani wakiwemo. Kitafanya kazi gani? Murbella ameunganisha Bene Gesserit, umoja wa kale wa masista wenye siri na mamlaka, na adui zao, hao Honored Matres. Je, ndoa hiyo itadumu? Na juu ya yote, ni nani wale wazee wawili, Daniel na Marty, wanaotokea katika sura ya mwisho wakiwa bustanini, wakizungumza juu ya chombo kilichowaponyoka?

Swali hili la mwisho ndilo lililovunja urafiki kati ya warithi na wasomaji. Hunters inapofika mwisho tunaambiwa Daniel na Marty ni Omnius na Erasmus: akili kuu ya mashine na roboti yake huru. Tatizo halianzii kwenye ubaya au uzuri wa wazo. Omnius na Erasmus hawamo katika kitabu chochote kati ya vile sita. Walizaliwa katika vitabu vitatu vya historia ya kale ambavyo Brian Herbert na Anderson wenyewe waliviandika: The Butlerian Jihad (2002), The Machine Crusade (2003) na The Battle of Corrin (2004). Hata Oracle of Time, anayekuja kummaliza Omnius katika Sandworms, ni Norma Cenva wa vitabu hivyohivyo. Aliyesoma vile sita tu, akasubiri kwa miaka ishirini na moja, analetewa jibu lililotoka kwenye mfuko wa mtu mwingine.

Na Herbert alikuwa ameacha kidokezo chake. Rudi kwenye mazungumzo ya wale wazee. Wanazungumza kama Wabadili Sura, viumbe waliotengenezwa na Watleilaxu ili waige umbo la mtu yeyote. Wanasema mabwana zao wa zamani wanashindwa kukubali kwamba viumbe wao wanaweza kujitegemea, ingawa ni jambo la kutarajiwa: aliyepewa uwezo wa kunyonya kumbukumbu na maisha ya watu, akikusanya za kutosha, mwishowe anakuwa kitu kipya. Hilo ni wazo la Herbert kuanzia mizizi, kwa kuwa vitabu vyote sita vinauliza mtu anageuka nini anapobeba kumbukumbu za wengi. Paul alibeba, Alia dada yake akashindwa na mzigo huo, Leto wa Pili, mwana wa Paul, akaubeba kwa miaka elfu tatu na mia tano. Daniel na Marty wangekuwa tawi jingine la mti uleule. Warithi waliuona uzi huu, wakamvalisha Khrone, kiongozi wa Wabadili Sura katika juzuu zao, kisha kiti cha adui mkuu wakampa roboti.

Kuna badiliko jingine linalopita kimyakimya, na naliona kubwa kuliko wasomaji wengi wanavyolichukulia. Katika Dune ya 1965 vita ya kale dhidi ya mashine inaelezwa kwa maneno machache: watu walikabidhi kufikiri kwao kwa mashine wakidhani watakuwa huru, wakaishia kutawaliwa na watu wengine wenye mashine. Mtawala pale ni binadamu. Ukimgeuza kuwa kompyuta yenye jina, swali la kimaadili linakuwa vita ya roboti, na mwisho wa mfululizo mzima unafuata mkondo huo.

Utetezi mkuu wa warithi ni muhtasari. Walieleza kwamba katika sanduku la amana benki zilipatikana disketi zenye muhtasari wa kitabu cha saba alioacha Frank Herbert. Sina sababu ya kuwaita waongo. Lakini muhtasari ni mifupa, nao hawakuuchapisha wote ili msomaji aone nyama yao imeanzia wapi. The Road to Dune ya mwaka 2005 ilitoa barua na sura zilizoachwa nje ya vitabu vya mwanzo, na ingekuwa mahali pake. Penye ushahidi uliofungiwa, kila jibu lisilopendeza hushukiwa, hata lile ambalo huenda ni la marehemu mwenyewe.

Haki itendeke pia kwa kilicholipwa vizuri. Asili ya Honored Matres katika Hunters imejengwa kwa vifaa vya nyumbani: masista wa Bene Gesserit walioasi na askari wanawake wa Leto wa Pili waliokwenda Mtawanyikoni, pamoja na wanawake wa Tleilaxu waliokombolewa kutoka kwenye matangi ya kuzalishia. Herbert alikuwa tayari amefichua kwamba matangi hayo ni wanawake, hivyo ghadhabu yao inaeleweka bila kuongezewa chochote kutoka nje. Kidonge cha Scytale nacho kilikuwa kimewekwa wazi, kwa hiyo kuwaotesha tena akina Paul kulikuwa halali. Hapo kosa ni la idadi. Paul, Chani, Jessica, Yueh, Leto wa Pili, Stilgar, Liet-Kynes, Thufir Hawat, wote wanalelewa pamoja chomboni, na kwingine anaoteshwa Baron Harkonnen na Paul mwingine aitwaye Paolo. Kila mmoja anahitaji sura zake za kukua, kuteswa hadi kumbukumbu zirudi, na kupata kazi ya kufanya. Wawili au watatu wangetosha. Wakifika wote hao, Duncan Idaho, mhusika aliyepo tangu kitabu cha kwanza na ambaye ndiye anayebeba mwisho, anapotea kwa kurasa nyingi, na anapotawazwa kuwa Kwisatz Haderach wa mwisho, yule mteule mwenye uwezo kupita binadamu, msomaji hajaandaliwa.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hukumu, nashauri kazi ya jioni moja. Soma tena robo ya mwisho ya Chapterhouse na uandike maswali yaliyoachwa, hayazidi kumi. Ukisoma mwendelezo, mbele ya kila swali andika jibu na kitabu ambacho mbegu yake ilipandwa. Palipo na mwaka 1985 kurudi nyuma, mrithi amelipa kwa mali ya marehemu. Panapojaa 2002 hadi 2004, umeona chanzo cha hasira yako, nawe unaweza kumwonyesha mwingine bila kumtukana. Wale wanaovisifu vitabu hivi kwa kuwa angalau hadithi imefika mwisho nao wasidharauliwe: wapo waliokata tamaa ya kuuona kabisa.

Kipimo hiki hakifai kila mahali. Douglas Adams alifariki mwaka 2001, na mwaka 2009 Eoin Colfer, kwa ridhaa ya mjane wa Adams, akaandika And Another Thing..., kitabu cha sita cha Hitchhiker's Guide, mfululizo wa ucheshi wa safari za anga alioanzisha Adams. Kwa hesabu ya deni Colfer alilipa sawasawa: Wowbagger, yule asiyekufa anayezunguka ulimwengu akimtusi kila kiumbe kwa mpangilio wa alfabeti, alitoka kwenye kitabu cha 1982, naye akafanywa nguzo ya hadithi. Hata hivyo wengi hawakuridhika, wakilalamika hasa kwamba vijimaelezo vya Mwongozo, kile kitabu cha wasafiri kilichomo ndani ya hadithi, vinakatiza masimulizi mara nyingi mno. Katika ucheshi sauti ndiyo mali yenyewe. Pia redio ya BBC ilikuwa imeshawapa wasikilizaji mwisho wa furaha mwaka 2005, kwa hiyo jeraha la kitabu cha tano, kilichoishia kwa maangamizi, Colfer alilikuta limeshafungwa na mwingine.

Kwa anayeanza Dune leo: soma vile sita kwa mpangilio wa kutoka kwake, 1965 hadi 1985. Ukitaka kuendelea hadi Hunters na Sandworms, pitia kwanza vile vitatu vya 2002 hadi 2004, la sivyo Omnius, Erasmus na Norma Cenva watakuwa wageni wanaoingia karamuni dakika ya mwisho. Na kabla ya kuvuka, isome mara mbili sura ya mwisho ya Chapterhouse, ile ya bustani. Ni fupi. Baada yake, katika kitabu hichohicho, yapo maneno ya Herbert kumhusu mkewe Beverly, aliyefariki mwaka 1984 wakati kazi hiyo inaandikwa. Hizo ndizo kurasa za mwisho za mfululizo alizoziandika kwa mkono wake.