Fleti ya kwanza Nairobi ina kasoro: ujitoe au uendelee?

Kasoro ya fleti haionekani siku ya kwanza kuitembelea. Hujitokeza mnunuzi akiwa ameshalipa ada ya kushikiwa nyumba, benki imeshamwandikia barua ya mkopo na ukoo mzima umeshapata habari. Wakili anarudi na majibu yasiyoridhisha ya upekuzi wa ardhi, yaani wa kumbukumbu za umiliki kwenye masjala, au fundi anagonga ukuta wa bafu na kusema maji yanatoka ghorofa ya juu. Hapo watu hugawanyika. Wengine humshauri mnunuzi akimbie mara moja. Wengine humwambia hakuna jengo Nairobi lisilo na kasoro, na anayengoja lililo kamili atalipa kodi ya mwezi hadi astaafu.

Kila upande una ukweli wake. Ila kabla ya kupima uzito wa kasoro, lazima ujue nani ana uwezo wa kuiondoa. Unyevu ukutani unaondolewa na fundi na pesa. Hati yenye asili mbovu haiondolewi na mnunuzi hata awe na pesa kiasi gani, kwa kuwa ufunguo wake uko kwa benki, serikali au mahakama.

Fleti nyingi huuzwa kabla hazijapata hati zake. Hati mama, yaani ya kiwanja kizima, inabaki kwa jina la mwendelezaji anayejenga na kuuza, na mara nyingi imewekwa rehani kwa benki iliyomkopesha pesa za ujenzi. Rehani hiyo si tatizo peke yake, kwani ndivyo majengo mengi yanavyogharimiwa. Tatizo ni benki hiyo kutoandika kwamba inakubali fleti yako iuzwe, na kwamba itaitoa kwenye rehani bei ikishalipwa. Bila barua hiyo, mwendelezaji akilemewa na deni, benki inaweza kuinadi mali nzima, na wewe uliyemaliza kulipa unabaki mdai kama wadai wengine. Barua ikipatikana, endelea. Ukizungushwa wiki baada ya wiki kwa ahadi za mdomo, hiyo ni sababu tosha ya kuondoka.

Jambo la pili ni aina ya hati utakayopewa. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2020 ilianza kutumika Desemba mwaka huo na kufuta ile ya 1987. Chini yake, mpimaji huchora ramani ya jengo ikionyesha kila fleti, ramani inasajiliwa, kisha kila fleti inapata hati yake. Usajili huo pia ndio unaozaa shirika la wenye fleti, linalosimamia ngazi, lifti, paa na maegesho. Mfumo wa zamani wa ukodishaji mdogo wa muda mrefu, ambapo wenye fleti walikuwa wanahisa wa kampuni ya usimamizi, ulitakiwa kugeuzwa uendane na sheria mpya. Kwa hiyo ukinunua fleti kwa mtu aliyeimiliki miaka 15, usishtuke kuona karatasi za mtindo wa zamani. Uliza kama jengo limeanza kugeuza hati, nani analipa gharama na wangapi wamekubali. Lakini mwendelezaji wa jengo jipya asiyeweza kuonyesha ramani hiyo, wala kukutajia mpimaji aliyepewa kazi, anakuuzia ahadi.

Asili ya ardhi ndiyo kasoro nzito kuliko zote. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja ambacho kaunti ilibomoa ukuta wake ili kufungua njia ya kwenda ufukweni. Majaji walisema kwamba ugawaji wa kwanza ukiwa ulikiuka sheria, mnunuzi wa baadaye hawezi kujikinga kwa hoja kwamba alinunua kwa nia njema. Baada ya uamuzi huo, karatasi moja ya upekuzi inayoonyesha jina la mwenye ardhi leo haitoshi. Wakili wako anapaswa kurudi nyuma hadi ugawaji wa kwanza: nani alipewa, alipewa na nani, lini, na kama ardhi hiyo iliwahi kutengwa kwa barabara, shule au uwanja wa ndege. Waliobomolewa nyumba Syokimau, karibu na uwanja wa ndege wa Nairobi, Novemba 2011 walikuwa na karatasi mkononi.

Mto nao una sheria yake. Ukingo unaolindwa huhesabiwa kati ya mita 6 na 30 kutoka kwenye maji, kulingana na mto wenyewe. Mwaka 2018 majengo ya biashara ya Ukay na South End yalibomolewa jijini kwa kuwa ndani ya ukingo huo, na baada ya mafuriko ya 2024 serikali iliwahamisha watu kwenye kingo za mito katika mitaa ya Mathare na Mukuru. Kama dirisha la fleti linatazama kijito, lipa mpimaji binafsi aje na ramani. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya nyumba.

Kuhusu vibali, hoja ya wanaosema uendelee ina nguvu, na inafaa kusikilizwa. Majengo kadhaa yanayokaliwa Nairobi hayana cheti cha kuruhusu watu kuhamia, kile kinachotolewa na kaunti baada ya ukaguzi wa mwisho. Mara nyingine ni urasimu tu: ombi limewasilishwa, ada zimelipwa, wakaguzi wamepita, karatasi haijatoka. Jengo la namna hiyo linaweza kununuliwa kwa sharti kwamba kiasi fulani cha bei kibaki kwa wakili hadi cheti kitoke. Ila tofautisha hali hiyo na jengo lililokiuka kibali. Omba nakala ya michoro iliyoidhinishwa, kisha simama barabarani uhesabu ghorofa. Michoro ikiwa ya ghorofa 5 na jengo lina 7, nguzo na msingi vilipigiwa hesabu ya uzito mdogo kuliko uliopo. Jengo la mtaa wa Huruma, Nairobi, lililoporomoka Aprili 2016 na kuua watu wengi lilikuwa kando ya mto na lilikuwa limeshatajwa kuwa hatari. Hapa sioni nafasi ya mapatano. Punguzo la bei haliimarishi nguzo.

Nyufa ndizo huwatisha watu kupita kiasi. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta hutokana na plasta kukauka haraka, na rangi huufunika. Ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha au mlango, unaopita unene wa ukuta na kuonekana pande zote mbili, ni habari nyingine. Sehemu za jiji na viunga vyake zenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama South C, Embakasi na Syokimau, zina ardhi inayovimba mvua ikinyesha na kunywea kiangazi. Msingi usiochimbwa hadi kwenye mwamba au tabaka gumu hucheza nayo. Ukiona ufa unaozidi milimita 5, au nyufa zinazofuatana ghorofa hadi ghorofa mahali pamoja, mwite mhandisi wa miundo aliyesajiliwa apime zege la nguzo na boriti kabla hujasaini chochote. Mwuzaji akikataa vipimo hivyo, amekujibu.

Unyevu, umeme na maji kwa kawaida ni mambo ya kujadili bei. Doa la unyevu kwenye dari ya ghorofa ya mwisho hutoka kwenye utando wa lami juu ya paa uliochakaa. Kwenye dari ya bafu hutoka kwenye mabomba ya jirani wa juu. La kwanza ni jukumu la shirika la wenye fleti, la pili ni la jirani huyo, hivyo usikubali kulibeba peke yako bila bei kushuka. Uliza pia kama mita ya umeme ni yako au mnagawana, tangi linahifadhi lita ngapi siku za mgao, na kama maji ni ya kisima. Visima vya Nairobi mara nyingi vina floridi nyingi, kwa hiyo taka matokeo ya maabara.

Kuna kasoro moja ambayo wanunuzi wa kwanza huipuuza: ada ya huduma ya kila mwezi. Omba hesabu za miaka 2 au 3. Jengo ambalo theluthi ya wenyeji hawalipi litakuwa na lifti iliyokufa na mlinzi asiyelipwa, na hakuna ukarabati ndani ya fleti yako utakaolibadilisha. Malimbikizo ya mwuzaji yakatwe kwenye bei siku ya kukamilisha, pamoja na kodi ya ardhi ya kaunti na ile ya serikali kuu kama ardhi ni ya kukodi.

Sasa gharama ya kujitoa. Tuseme fleti ni shilingi milioni 9. Kabla ya kusaini mkataba wa mauzo, unachopoteza ni ada ya upekuzi, ya mthamini, sehemu ya ada ya wakili, na labda ada ya kushikiwa nyumba. Sheria ya mikataba ya Kenya inataka mauzo ya ardhi yawe ya maandishi, yamesainiwa na kushuhudiwa, kwa hiyo kabla ya hapo mwuzaji hana mkataba wa kukulazimisha kununua. Ushuru wa stempu, ambao mjini ni 4%, yaani 360,000, hulipwa karibu na usajili, kwa hiyo bado uko mfukoni mwako. Baada ya kusaini hali hubadilika. Umeweka amana ya 10%, yaani 900,000, na mikataba mingi inasema mnunuzi akijitoa bila sababu iliyomo mkatabani, mwuzaji anabaki na pesa hiyo.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba pambano lote liko kwenye vifungu kabla ya sahihi. Mkataba useme amana inashikwa na wakili wa mwuzaji kwa niaba ya pande zote mbili, si kukabidhiwa mwuzaji. Useme mauzo yanategemea benki kukubali mkopo, na pia upekuzi na ripoti ya mhandisi kuwa safi. Orodha ya hati za kukamilisha itajwe moja moja: hati halisi, barua ya benki ya kuondoa rehani, vyeti vya kutodaiwa, idhini ya mwenzi wa ndoa wa mwuzaji. Ukiwa na vifungu hivyo, kujitoa baadaye ni kutumia haki uliyoandikiwa.

Wanaonunua nyumba ambayo bado inajengwa, kwa malipo ya awamu, wako pabaya zaidi, maana pesa zao zimeshaingia kwenye saruji. Kwao kujitoa mapema kunaweza kumaanisha kesi ndefu ya kudai pesa zirudi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kama kosa ni kuchelewa tu na ujenzi unaonekana kwa macho ukisonga, mara nyingi ni afadhali kusimamisha awamu inayofuata, kama mkataba unaruhusu, na kudai ratiba mpya ya maandishi yenye fidia ya kodi unayolipa kwingine. Kama kiwanja kimenyamaza na mafundi wameondoka, kila awamu unayoongeza inakuza deni utakalolidai.

Ukiamua kuondoka, usitume ujumbe wa simu. Wakili wako aandike barua inayotaja kifungu kilichovunjwa na hati isiyowasilishwa. Kipindi cha kukamilisha, ambacho kwa kawaida ni siku 90, kikiwa kimepita, atoe kwanza notisi ya kukamilisha, mara nyingi ya siku 21. Ikiisha bila jibu, ndipo barua ya kuvunja mkataba na kudai amana ifuate. Benki nayo ijulishwe siku hiyo hiyo kwa maandishi, ili mkopo usije ukatolewa kwa nyumba uliyoikataa.